Mioyo Iliyosinyaa

Dada yangu Rehnuma ana sheria moja ya kununua kitabu. Anakifungua katikati, anasoma ukurasa mmoja, na akijikuta inabidi arudi nyuma ili aelewe, anakirudisha rafuni. Nilimwambia angetumia sheria hiyo kuchagua mchumba, Mama angekuwa ameshapata usingizi. Akanipiga begani na kitabu alichokuwa ameshika. Kilikuwa kinene. Bega langu ni shahidi.

Tulikuwa Nilkhet, soko la vitabu, Ijumaa baada ya swala, siku yake ya mapumziko. Vibanda vya vitabu pale vimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya kwa muuza vitabu vya sheria, wa vitabu vya uhandisi ndiye anayekupa pole. Sisi tulikuwa kwa mjomba Moksed, anayeuza vitabu vya udaktari. Si mjomba wetu wa damu. Dhaka kila muuzaji ni mjomba mpaka akatae kupunguza bei.

"Mjomba, nataka cha kujifunza kusoma ECG," Rehnuma alisema. "Naanzia sifuri."

"Sifuri ya nesi au sifuri ya daktari?"

"Ya nesi, mwenye mtihani baada ya wiki mbili."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Hospitali anakofanya kazi dada ilihitaji nesi mmoja wa wodi ya moyo. Atakayeshinda mtihani wa kusoma ile karatasi ya milima na mabonde, inayotoka kwenye mashine mtu akibandikwa nyaya kifuani, angebaki Dhaka. Wengine wangepelekwa tawi jipya la Thakurgaon, kaskazini kabisa, ambako ukipanda treni unafika ukiwa na ndevu. Kwa hiyo hatukuja kununua kitabu cha kupitishia wakati.

"Ukienda Thakurgaon," nilimwambia, "kitanda cha dirishani kinakuwa changu."

"Sijaondoka bado."

"Nimeshalilalia godoro. Linanipenda."

Mjomba Moksed alitupangia vitabu mbele yetu kama samaki. Kile kinene, alisema, ni cha wanaotaka kuonekana wamesoma. Cha katikati kilikuwa mazoezi matupu, michoro mingi ya mioyo na majibu nyuma. Na kulikuwa na kijembamba, ambacho mwandishi wake anaeleza kana kwamba amekaa na wewe jikoni mnamenya vitunguu. Rehnuma alikifungua katikati. Akasoma. Hakurudi nyuma. Akaendelea na ukurasa wa pili, akatabasamu, nami nikajua kimeshanunuliwa.

"Na cha mazoezi pia," nikasema. "Maneno matamu hayafundishi kuogelea."

"Leo umeongea kama binadamu," alisema, akavichukua vyote viwili.

Vilikuwa kopi, bila shaka. Cha asili, chenye rangi na karatasi inayong'aa, huonekana Nilkhet mara chache kama chui. Sisi wote tumesomea kopi, na hata madaktari wanaotutibu wamesomea kopi. Na kopi za mjomba Moksed zilikuwa na sifa yake: nyepesi. Alikuwa na namna yake ya kuiweka mashine ya kopi ili kitabu kikubwa kitoke kidogo, kiingie kwenye mkoba wa mwanamke pamoja na kitana, mwavuli na kopo la chakula.

"Kimepungua kama bibi harusi," alisema, akikipigapiga mgongoni.

Wiki ya kwanza nyumbani kwetu hapakuwa nyumba, palikuwa kliniki. Rehnuma akirudi zamu ananawa, anakula wali na dengu akiwa amesimama, kisha anakaa kitandani dirishani na kijembamba. Kwa hicho alikwenda vizuri kabisa. Alitueleza mezani jinsi umeme unavyoanzia juu ya moyo ukashuka chini, mpaka Baba, aliyestaafu shirika la reli, akasema sasa ameelewa: kuna stesheni kuu, kuna njia mbili, na ugonjwa ni treni kuchelewa.

"Na moyo wako, Baba, ni treni gani?" nikamuuliza.

"Ya mizigo. Nimekubeba wewe miaka kumi na tisa."

Balaa lilianza kwenye kitabu cha mazoezi. Karatasi ya ECG ina miraba midogo ya rangi ya waridi, na mtu huihesabu ili ajue moyo unapiga mara ngapi. Ila mashine ya kopi ilikuwa imekula ile rangi yote. Imebaki mistari ya moyo peke yake, imening'inia kwenye karatasi nyeupe kama kamba ya nguo isiyo na nguzo.

"Si tatizo," alisema Rehnuma. "Kila mraba mdogo ni milimita moja. Nitapima. Tuhin, nipe rula yako."

Nikamtolea kwenye mkebe wangu wa hesabu, ambao tangu nimalize shule umekuwa ukihifadhi karafuu za Mama. Akapima, akapiga hesabu, akafunua majibu nyuma. Kitabu kinasema mapigo sabini na tano kwa dakika. Yeye kapata mia. Akapima tena. Mia. Akahamia moyo mwingine: kitabu sitini, yeye themanini.

Siku tatu aliendelea hivyo. Kila moyo aliougusa ulikuwa unakimbia kama umeona mbwa. Mwanzoni nilimcheka. Nilimwambia wagonjwa wanashtuka wakimwona, ndiyo maana. Siku ya pili alicheka nusu. Siku ya tatu hakucheka. Alifunga kitabu, akakaa akitazama dirishani, mikono mapajani.

"Sina kichwa cha jambo hili," alisema.

"Una kichwa kikubwa kabisa, kinanizibia televisheni."

"Tuhin, sitanii. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Miye nakosea kila mara, na sijui nakosea wapi. Heri niende zangu Thakurgaon kuliko kumsomea mtu moyo wake vibaya."

Jioni ile nilimwona anatoa sanduku chini ya kitanda. Hakupanga kitu, alilifuta vumbi tu. Lakini mimi na lile godoro tuliacha kupendana papo hapo.

Mama ndiye aliyefungua kabati kutafuta viungo, na humo, katikati ya kadi za harusi za watu, ikadondoka karatasi ya moyo wa Baba ya mwaka juzi. Alikimbizwa hospitali anashika kifua, kumbe ni sahani tatu za wali wa nyama kwenye sherehe ya jirani. Niliiokota.

"Haya, daktari," nikamwambia Rehnuma. "Msomee mzee. Tujue kama atafika Idi."

"Niache."

"Nisomee, binti yangu," akasema Baba kutoka kwenye kiti chake. "Miye sina majibu nyuma yangu ya kukukosoa."

Kwa Baba hawezi kukataa. Akachukua rula, akapima bila hamu. "Sabini na mbili," alisema.

Nikageuza karatasi. Juu kabisa mashine ilikuwa imeandika yenyewe: sabini na mbili.

Akapima tena. Vilevile.

"Kwa hiyo moyo wa Baba pekee ndio unaoelewana na wewe," nikasema. Nikaiweka ile karatasi juu ya kitabu, nia yangu ikiwa kuendelea na utani. "Mtazame mzee wetu alivyo na mlango mrefu. Hawa wa kitabuni nyumba zao za mbilikimo."

"Mlango gani?"

Nilimwonyesha. Mwanzo wa mstari, kabla moyo haujaanza kupiga, mashine huchora alama moja ya pembe, inapanda wima, inakwenda pembeni, inashuka. Kama fremu ya mlango usio na ubao. Mimi sikujua ni ya nini. Yeye alijua, kijembamba kilikuwa kimemweleza. Alininyang'anya rula.

"Huu mlango haubadiliki," alisema polepole. "Mashine ikiwa katika kipimo cha kawaida, unapanda milimita kumi. Ni wa kuonyesha kipimo." Akapima wa Baba: kumi. Akapima wa kitabuni. Saba na nusu. Akafunua ukurasa mwingine: saba na nusu. Mwingine: saba na nusu.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka Mama akaja na mwiko kuangalia.

"Bibi harusi!" alisema, anafuta machozi. "Mjomba Moksed kaipunguza mioyo! Kaisinyaza robo nzima! Tuhin, sikuwa nimekosea hata mmoja!"

Kesho yake alipotoka zamu tulikwenda Nilkhet, naye anatembea mbele na rula mkononi kama mwalimu wa zamu. Alifungua vitabu vya ECG kwa mjomba Moksed kimoja kimoja, safari hii hakusoma hata ukurasa. Alikuwa anapima milango tu. Wanafunzi wawili wa udaktari wakasimama kutazama.

"Binti, watu huja hapa kupima akili zao," mjomba Moksed akasema. "Wewe unapima karatasi?"

"Mjomba, hiki ni saba na nusu. Hiki saba na nusu. Kile kinene ni saba."

"Kinene ilibidi nikibane zaidi, kitabeba nani?"

"Lakini moyo haubanwi. Anayepima kwa rula humu anapata majibu ya uongo."

Mjomba alivuta pumzi, nikaona ameumia. Wepesi ule ndio ulikuwa ufundi wake. "Miaka yote hii naipunguza," alisema. "Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kurudi kulalamika."

"Hawakurudi kwako, mjomba," Rehnuma alisema kwa upole. "Walijilaumu wenyewe. Hata mimi jana nilikuwa nimeshatoa sanduku."

Mmoja wa wale wanafunzi alikohoa, akatazama viatu vyake, nami nikakisia kwamba naye alikuwa na kitabu cha aina hiyo nyumbani.

Mjomba Moksed akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kilikuwa kitabu cha mazoezi, cha asili, hakina jalada, kurasa zimelegea kwa kupigwa kopi. Ndani miraba ya waridi ilikuwa imekaa vilevile, mizima. Rehnuma akaweka rula kwenye mlango wa kwanza. Kumi.

"Huyu ndiye mama yao wote," alisema mjomba. "Simuuzi. Ila kaa hapo."

Aliisogelea mashine ya rangi, ile ya kadi za harusi, akabonyeza vitufe ambavyo nadhani havikuwa vimeguswa kwa miaka, na kila ukurasa ulipotoka alimpa Rehnuma aupime kabla hajatoa mwingine. Mimi nilitumwa chai. Tulipomaliza, kitabu kilikuwa kikubwa kama sinia ya wali, hakiingii kwenye mkoba wowote. Nilikibeba kichwani hadi kwenye riksha. Kijembamba alibaki nacho kilekile, kwa kuwa maneno yake hayakusinyaa.

Siku ya mtihani nilimsubiri nje ya geti la hospitali, nikimpigia porojo muuza chai ili nisiutazame mlango. Alitoka na uso ambao haukusema kitu.

"Sema basi! Nimekunywa vikombe vitano, nikikojoa hapa ni juu yako."

"Dokta Kaniz aliyetutahini alitupa karatasi moja ngumu," alisema, akakaa kwenye benchi. "Mawimbi yake madogo. Wenzangu wakasema moyo dhaifu. Mimi nikapima mlango kwanza. Ukawa tano."

"Amenunua kwa mjomba Moksed?"

"Hapana, mjinga. Miraba ilikuwa mizima. Mashine yenyewe iliwekwa nusu, kwa makusudi. Mtego wake. Kwa hiyo kila kimo nikakizidisha mara mbili, nikasema huyu si dhaifu, ukuta wa moyo wake umenenepa. Akaniuliza nani kanifundisha kuanza na mlango."

"Ukasema mdogo wangu mwenye akili."

"Nikasema mashine ya kopi." Hapo tabasamu likamtoka lote. "Jumapili naanza wodi ya moyo."

Nikamnunulia chai na biskuti mbili, nikageukia barabarani kuita riksha.

Kitanda cha dirishani sijakipata mpaka leo. Nimerudishiwa rula tu, nayo ina alama ya wino mwekundu kwenye milimita ya kumi.