Siku Nne za Sindano

Kaka alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, siku ya tatu ya adhabu aliyonipa mimi.

Alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo ukitoka kwenda dukani ulipita katikati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo. Siku hiyo nilipita kwenda kununua uzi, akaniambia nimletee betri za tochi. Niliporudi alikuwa amelala kando ya friji la jirani, spana ikiwa mkononi. Daktari alisema ni moyo. Betri bado ninazo.

Jioni, baada ya kazi, kaka alikuwa msimamizi wa Kijiwe. Kijiwe ni mahali pa gumzo pa watu wanaocheza Masafa, mchezo wa simu ambamo unaendesha lori na kupeleka mzigo kwenye miji isiyokuwepo. Tuko kama mia sita. Hakuna anayemjua mwenzake kwa sura, tunaitana kwa majina ya barabarani. Kaka aliitwa Baridi. Mimi nashona sare za shule, kwa hiyo ni Sindano. Hakuna aliyejua kwamba Baridi na Sindano wanakula meza moja. Kaka hakutaka wajue. Alisema wakijua, kila nikishinda mashindano watasema nimependelewa. Sijawahi kushinda mashindano.

Kosa langu lilikuwa hili. Jumamosi, dereva anayeitwa Tairi Moja alinisukuma mtaroni nikiwa na tani ishirini za vigae. Nikaandika kwenye gumzo, mbele ya watu wote, kwamba leseni yake alinunuliwa na mama yake, na kwamba mama mwenyewe alipunjwa. Kanuni ya tatu ya Kijiwe inasema: Mama wa mtu haingii barabarani. Kabla chai yangu haijapoa nilikuwa nimefungiwa siku kumi na nne. Ningeweza kusoma, nisingeweza kuandika wala kuendesha.

Kaka alikuwa amekaa mbele yangu mezani, simu mkononi.

"Kaka, ni mimi," nikamwambia.

"Najua. Jina limeandikwa."

"Siku kumi na nne?"

"Kipara alipata kumi na nne kwa kosa hilo hilo mwaka jana." Alikuwa na daftari. Kila kesi aliiandika humo, ili kosa lile lile lipate adhabu ile ile.

"Damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo maana hatuiogi. Rufaa inaandikwa kwenye chumba cha rufaa. Moja tu."

"Nimekaa mbele yako!"

"Hapa ni nyumbani. Hapa mimi ni kaka yako, na naomba chumvi."

Nikampa chumvi. Kisha nikaandika rufaa yangu pale pale, maneno mawili: "Kaka, jamani." Nikamwonyesha mama, akasema tusimtie kwenye mambo yetu ya malori.

Rufaa haikujibiwa.

Tulimzika Alhamisi. Nyumba ilijaa watu na viti vya kuazima. Usiku wa Ijumaa nilifungua Kijiwe, kwa mazoea tu, nikakuta wanamuuliza. Baridi yuko wapi? Mbona kesi zimelala? Jumapili Kipara akaikumbusha kanuni ya tisa: msimamizi asiyeonekana siku saba bila kuaga anapigiwa kura, na akishindwa jina lake linafutwa na kuandikwa kwenye orodha ya Waliokimbia Zamu. Kura ingekuwa Jumanne saa kumi na moja jioni.

"Sina ubaya naye," Kipara aliandika. "Lakini kanuni ameiandika mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Kipara hakuwa na kosa lolote, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nilikuwa mtu pekee kati ya mia sita aliyejua Baridi yuko wapi, na nilikuwa nimefungwa mdomo na Baridi. Kufungua akaunti nyingine ukiwa umefungiwa ni kufukuzwa moja kwa moja. Ningeingia kwa jina la kaka niseme nimekufa, wangesema ni mzaha, na mzaha wa vifo ni kanuni ya tano.

Simu yake nilikuwa nayo. Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mama. Niliifungua, nikaliona jina langu na mbele yake kitufe: Mfungulie. Lakini kila anayefunguliwa huandikwa kwenye kumbukumbu, na saa, na jina la msimamizi. Ingesomeka kwamba Jumapili jioni Baridi alimfungulia Sindano kabla ya siku zake kwisha. Ungekuwa upendeleo wake wa kwanza katika miaka minne, na ameufanya akiwa kaburini. Niliizima simu nikaiweka kwenye droo ya spana.

Jumanne mchana mama alikuwa mezani anachambua maharage, akaniuliza mbona nahema kama nimebeba maji. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuinua macho mpaka nilipofika kwenye jina la ile orodha.

"Rudia."

"Waliokimbia Zamu."

"Mwanangu mimi? Huyo aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo kwa sababu ya friji la mtu?" Akasogeza sinia. "Mimi hawajanifungia?"

"Wewe hata hujaingia humo, mama."

"Basi niingize."

Nikamweleza kwamba mgeni haruhusiwi kuandika kwenye gumzo mpaka aendeshe lori kilomita kumi bila kugonga wala kupinduka. Akikosea, anasubiri saa nzima ndipo ajaribu tena. Na lazima aendeshe mwenyewe.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na nusu."

"Niletee miwani."

Simu yake iliuliza jina. Akaandika Mama. Jina limeshachukuliwa. Akauliza na nani. Tukajaribu mengine matatu, mwisho akaandika Mama Mwenyewe, ikakubali. Kisha zikaja kanuni kumi na moja ambazo kila mtu huzikubali bila kuzisoma. Mama alizisoma zote, kidole juu ya kila mstari. Kwenye ya tatu alisimama.

"Hii ndiyo iliyokufunga?"

"Ndiyo."

"Nzuri," akasema, akaendelea.

Mara ya kwanza aligonga geti la kutokea, kabla hata ya barabara. Alisema geti limejengwa vibaya. Tukasubiri saa nzima, akamaliza maharage. Mara ya pili alifika kilomita ya sita, akaona mbuzi anavuka, akakunja usukani kumpisha, akapinduka. Nikamwambia mbuzi wa humo si mbuzi wa kweli, ungempita tu. Akaniangalia kama mtu ambaye ameanza kuelewa kwa nini nilifungiwa.

Saa kumi na dakika tano alianza mara ya tatu. Kwenye Masafa, madereva walio karibu husikika kwa sauti, ingawa mgeni hawezi kuwajibu. Kwenye kilomita ya tatu ikasikika sauti ya mwanamume.

"Mama Mwenyewe! Wewe mgeni, polepole. Nimekaa nyuma yako na taa za hatari, hakuna atakayekugonga. Na lile jekundu likupite, dereva wake hana akili."

Niliangalia jina juu ya lori lake. Tairi Moja.

"Nani huyu ananiongelesha?" mama akauliza bila kugeuka.

"Yule niliyemtukana."

"Amelelewa."

Alimsindikiza mpaka mwisho. Kwenye daraja alimwambia ashike gia ya pili, mama akashika. Mbuzi alitokea tena. Safari hii mama alisimama kabisa, akamngoja avuke, na Tairi Moja akangoja nyuma yake, na nyuma ya Tairi Moja malori saba yakapiga honi. Saa kumi na dakika arobaini na mbili simu iliandika: Karibu Kijiweni.

Mama akaandika kwa kidole kimoja. Mimi nilikalia mikono yangu. Kusema kwa mdomo wa mwingine, kaka angehesabu kuwa nako ni kusema.

"Mimi ni mama yake Baridi. Baridi alifariki Jumanne iliyopita saa nne asubuhi. Hakukimbia zamu. Alikuwa kazini."

Kisha akaandika Nesi wa Zamu, msimamizi wa pili. Ni nesi kweli, au ndivyo asemavyo.

"Pole sana mama. Naomba unisamehe kwa nitakalouliza. Mwaka juzi mtu alimzushia mwenzake kifo kwa sababu ya ugomvi. Tunahitaji uthibitisho, hata mdogo."

Nilidhani mama atakasirika. Akasema, "Anafanya kazi yake," kisha akaandika:

"Sindano ni mdogo wake, tumbo moja. Yuko hapa amenuna. Rufaa yake ina maneno mawili, Kaka jamani. Aliiandika mezani kwangu."

Rufaa huonekana kwa wasimamizi tu.

"Nimeiona," Nesi akaandika. "Nilidhani anambembeleza tu kama wengine. Naifuta kura."

Pole zikaanza kumiminika, haraka kuliko mama alivyoweza kusoma. Katikati yake Tairi Moja akaandika: "Alimfungia mdogo wake kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mama yako," mama akajibu.

Ndipo Kipara akatoa hoja. Alisema, kwa heshima ya Baridi, Sindano afunguliwe sasa hivi, tena yeye Kipara ndiye wa kwanza kuomba. Watu arobaini wakaunga mkono. Nikatoa mikono nilikoikalia. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema juu ya kaka, na nilitaka kuyasema siku ile, wakati wanasikiliza.

Mama aliniangalia, akaiangalia simu.

"Kipara, wewe ulimaliza siku zako?"

"Nilimaliza, mama."

"Zote?"

"Zote kumi na nne."

"Sindano amebakiza ngapi?"

"Nne," akaandika Nesi.

"Basi amalize."

Hakuna aliyebisha. Mama akavua miwani, akaenda kubandika maharage. Nilimsikia akilia huko jikoni, maji ya bomba yakiwa wazi.

Siku nne zile niliandika haya, kwenye kurasa za mwisho za daftari la kaka, baada ya kesi yangu. Jumamosi jioni mdomo wangu ulifunguliwa. Nilimwomba radhi Tairi Moja kwanza, na mama yake. Akajibu kwamba mama yake anauliza kama vile vigae vilifika.

Friji la jirani alilimalizia fundi mwingine. Nafasi ya msimamizi itapigiwa kura mwisho wa mwezi, na mama ameshatangaza kwamba hatampigia ndugu. Kesho saa kumi ana safari ya kilomita mia mbili na arobaini, mzigo ni mchele, na Tairi Moja atakuwa nyuma yake.