Mafiga ya Niyibizi

Kwa muda mrefu Mwalimu Modestus hakugundua kwamba mbwa wake hakuwahi hata mara moja kumletea kitu alichokirusha. Alirusha gunzi la muhindi, mbwa akarudi na kijiko. Alirusha kipande cha kuni, mbwa akarudi na kandambili ya mtoto. Mwalimu alikuwa akitazama mengine: kama mbwa amekwenda bila kuzurura, kama amerudi kwa mwendo wa staha, kama ameketi kwanza ndipo akakabidhi. Hayo yote yalikuwa sahihi, naye akampa dagaa. Miaka yake yote katika shule ya msingi alisahihisha vivyo hivyo, mwandiko kwanza, na mtoto mwenye mwandiko mzuri aliweza kuandika upuuzi akapata vema.

Mbwa huyo aliletwa na bintiye, Teddy, anayewauzia chakula madereva wa malori pale Nyakanazi. Tangu mama yake, Francisca, azikwe, Teddy alikuwa akipiga simu nyumbani Mugoma na kusikia pumzi tu. Baba yake hakuwa mgonjwa. Alilima, alikula, alikwenda misa. Maneno ndiyo yaliyomwishia, kama chumvi inavyoisha jikoni na mtu asione haja ya kwenda dukani. Basi Teddy akachukua mtoto mmoja wa mbwa aliyezalia nyuma ya gesti, akamtia katika kikapu, akapanda naye basi.

"Shikamoo, baba."

Modestus aliitikia kwa kichwa.

"Huyu anaitwa Waseme. Majirani wakiuliza, jina ndilo jibu. Usimpige. Mbwa mwoga humng'ata mwenye nyumba. Mfundishe kwa kusema naye. Pale kwetu kuna madereva na mbwa wao wanaelewana kuliko mtu na mkewe, na siri yao ni nyama na maneno."

"Sina nyama," alisema Modestus.

"Dagaa wamo humo kikapuni. Taja sababu nyingine."

Modestus alikipokea kikapu.

Alianza na jina. Kila Waseme alipoitwa akageuza kichwa, alipata dagaa mmoja, kichwa na mkia. Ikafuata kaa, kisha subiri, kisha njoo. Kamba ya katani waliyoanza nayo ilibaki imetundikwa mlangoni, kwa kuwa haikuhitajika tena. Mwalimu, aliyefundisha vizazi vya watu kwa fimbo, alijifunza uzeeni kwamba neno hutosha kusemwa mara moja: ukilirudia, mwanafunzi hulisubiri lile la mwisho. Alijifunza pia kunyamaza ili kungoja, ambako si sawa na kunyamaza kwa kukosa la kusema. Mbwa naye alijifunza kumwegemea mguuni kwa uzito wake wote, jambo ambalo hakufundishwa. Jioni walikaa hivyo kibarazani, na bila kujua ameanza lini, Modestus akajikuta anamweleza mbwa habari za mvua, na za kahawa, na za Francisca.

Wapita njia walicheka.

"Mwalimu, huyo anaingia lini darasa la kwanza?"

"Akimaliza chekechea," alijibu Modestus, na yule mtu akasimama njiani, kwa maana hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu msibani.

Neno la mwisho lilikuwa lete. Waseme alilishika upesi kuliko mengine yote. Kijiko, kandambili, kitasa cha mlango, rozari isiyo na msalaba, mirija miwili ya kunywea pombe ya ndizi: Modestus aliviosha na kuvipanga juu ya ukuta wa kibaraza, kwa utaratibu. Hakujiuliza vinatoka wapi. Mbwa aliyekuja mara moja alipoitwa, akaketi, akafungua kinywa juu ya kiganja kilichonyooshwa, alikuwa mbwa aliyefaulu.

Aligundua siku Waseme alipoleta jiwe. Lilikuwa figa, limepiga masizi upande mmoja, na Modestus alipolipokea aliliachia papo hapo. Lilikuwa la moto. Mbwa alilichukua tena kwa upole, akaliweka chini karibu na mguu wake, akasubiri dagaa. Kinywa chake hakikuungua.

Ndipo Mwalimu akainua macho kutazama upande alikotoka mbwa, ng'ambo ya ua wa minyaa, palipokuwa nyumbani kwa Niyibizi.

Niyibizi na mkewe Josiane walitoka Burundi wakati Modestus angali mwanafunzi. Walipewa pori, wakaligeuza shamba la kahawa na migomba. Modestus alipojenga, wakawa majirani, na kwa miaka mingi yeye na Niyibizi walinywa chungu kimoja kwa mirija miwili. Kitindamimba wao, Irakoze, alipobatizwa, Modestus ndiye aliyemsimamia. Mtoto akakua akimwita baba. Kisha ukaja mwaka wa operesheni ya kuwaondoa wageni. Lori lilisimama barabarani asubuhi, na wale wasio na karatasi wakapandishwa. Hadi mchana nyumba ilikuwa imebomolewa. Serikali ya kijiji ikamkabidhi Modestus shamba alitunze, kwa kuwa lilipakana na lake. Alilitunza. Mwaka uliofuata alilipalilia, na uliofuata akalivuna, na baada ya hapo hakuna aliyelitaja kwa jina jingine.

Mabati yalichukuliwa, milango ikachukuliwa, hata matofali. Mafiga hayakuguswa. Wazee wa huko husema kwamba anayehama kwa hiari hung'oa mafiga yake na kuyatupa kichakani. Mafiga yakiachwa, mwenyewe hajahama, amechelewa tu. Kwa hiyo Modestus alipanda maharage akiyazunguka, msimu hadi msimu, na jembe lake lilijua kupinda lilipofika hapo.

Siku zilizofuata Waseme alileta la pili na la tatu. Mawe ya moto hayaachwi ovyo uani, basi Modestus akayapanga jikoni mwake, akateleka sufuria. Maharage yaliiva vizuri. Asubuhi mawe yalikuwa yangali vilevile. Alimpigia Teddy simu kumweleza.

"Kwa hiyo kuni umeacha?" aliuliza Teddy.

"Nimeacha."

"Afadhali. Moshi ulikuwa unakumaliza macho."

Irakoze alikuja mwanzoni mwa kiangazi, akitokea Nyabusozi, wilayani Biharamulo, anakolima shamba la kukodi. Siku lile lori lilipokuja alikuwa shule ya bweni, ndiyo sababu alibaki upande huu wa mpaka. Masista walimlea, na karatasi zake sasa zilikuwa kamili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu jikoni, nje kuna jua."

Waseme alimnusa miguu, akalala mlangoni. Irakoze alikaa juu ya kigoda, akayaona mafiga. Aliinama, akalipapasa moja, akaurudisha mkono.

"Hili nililimega mimi kwa mchi," alisema. "Mama alinichapa. Pengo lenyewe hilo."

"Bado lina moto," alisema Modestus.

"Mama anasema hakuwahi kuuzima asubuhi ile. Maharage yalikuwa jikoni."

Sufuria ilichemka. Modestus alimpakulia, naye akala, maana alikuwa ametoka mbali.

"Baba Niyibizi tulimzika kule Burundi," alisema Irakoze baadaye. "Mama yupo kwa binamu yake. Hatandiki kitanda. Anasema mgeni hatandiki, hutandikiwa. Anataka kurudi kwake, baba. Nimepeleka shauri barazani. Wameniambia kila kitu kipo, ila jirani mmoja wa zamani, aseme kwamba tulikuwa hapa."

"Wengi wamekufa."

"Wewe hujafa."

Aliisema kama utani, na Modestus akatabasamu kidogo.

"Sikuja kukugombeza," aliendelea. "Hata mavuno sikuulizi. Nataka useme tu."

"Nitakuja," alisema Modestus.

Baraza la ardhi lilikaa asubuhi moja katika ofisi ya kijiji, kando ya barabara. Mwenyekiti wake alikuwa Juvenali, mtu mwenye subira na mafua ya kudumu. Watu walijaa madirishani, kina mama na watoto wao mgongoni. Modestus alivaa koti alilovaa alipostaafu. Waseme alimfuata bila kamba, akaketi alipoambiwa kaa.

"Mwalimu," alisema Juvenali, "wewe ndiwe jirani aliyebaki. Huyu binti anasema wazazi wake walikaa hapo miaka mingi kabla ya operesheni. Uliwafahamu?"

Modestus alilisikia swali, na alilijua jibu. Lilikuwa fupi, na alikwisha kujifunza kwamba neno hutosha kusemwa mara moja. Aliifikiria kahawa iliyokuwa ikiiva ng'ambo ya minyaa, akamfikiria Teddy, ambaye siku moja angechoka na Nyakanazi. Alijaribu kuona aibu, lakini aibu ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: alijua upo, ila hakuusikia.

"Mwalimu?"

Hapo Waseme aliinuka. Hakuna aliyemwamuru. Alitoka nje kwa mwendo wa staha, akashika njia hadi pale barabarani lile lori liliposimama, akanusa ardhi, akaokota kitu ambacho waliokuwa madirishani hawakukiona. Alirudi bila kuzurura. Watu walimpisha. Aliketi mbele ya Mwalimu, akangoja, na Modestus, kwa mazoea, akanyoosha kiganja.

Mbwa alifungua kinywa, ikatoka sauti ya Modestus.

Ilikuwa changa kidogo kuliko ya sasa, na ilitanguliwa na kikohozi. Nyuma yake ilisikika injini ya lori ikiunguruma.

"Siwajui hawa," ilisema. "Wamekuja juzi tu."

Kisha mbwa akafunga kinywa. Dirishani mama mmoja alimhamisha mtoto kutoka titi moja kwenda jingine. Irakoze alitazama sakafu.

"Hiyo ni sauti ya Mwalimu," alisema mjumbe mmoja, mzee Yohanes. "Alinifundishia wanangu. Hata kikohozi ni chake."

"Ni yake," alikubali Juvenali, akapenga kamasi. "Lakini sauti hiyo haijaapa, na aliyeileta ni mbwa. Baraza litaipokea kama taarifa. Mwalimu mwenyewe anasemaje leo?"

Waseme alikuwa angali ameketi, macho yake yako juu ya uso wa Modestus. Alikwenda vizuri, akarudi vizuri, akaketi kabla ya kukabidhi. Modestus aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa dagaa, akampa.

"Sina la kuongeza," alisema.

"Basi," alisema Juvenali. "Shahidi aliwahi kusema hawajui, na leo hana la kuongeza. Shamba linabaki kwa anayelitunza. Anayekuja baada ya huyu ni nani?"

Irakoze alipita kwa Mwalimu kuchukua mfuko wake aliokuwa ameuacha jikoni. Juu ya ukuta wa kibaraza aliiona kandambili, akaipima kwenye kiganja chake. Ilikuwa yake ya utotoni. Akaitia mfukoni. Vingine aliviacha.

"Chukua na mafiga," alisema Modestus. "Nitakutafutia bodaboda mwenye toroli."

"Mafiga siyachukui."

"Ni yenu."

"Ndiyo maana, baba. Nikiyang'oa tutakuwa tumehama." Alijifunga kitenge vizuri. "Yaangalie yasizimike. Mama akiuliza nitamwambia bado yana moto."

Waseme alimsindikiza hadi kwenye ua wa minyaa, akasimama hapo. Modestus alimwita mara moja, naye akarudi, akamwegemea mguuni.

Kahawa ilivunwa, ikaanikwa. Teddy alikuja likizo ya Krismasi, akafurahi kumkuta baba yake anazungumza, akapika pilau juu ya mafiga yale, akasema hajaona jiko linalotulia namna hiyo. Kuni hazikatwi tena katika nyumba ile. Upande wa pili wa ua, maharage yamepandwa kuzunguka pale mafiga yalipokuwa, na jembe la Modestus bado hupinda likifika hapo.

Waseme amezeeka kidogo na ana utii uleule. Ila tangu siku ya baraza, Mwalimu akirusha gunzi, mbwa huleta gunzi.