Ko na Kimya

Ko... pete ya baba kwenye ubao wa kitanda, kidole changu cha kwanza nilipokilaza kiganjani mwake alinyamaza, cha pili ndicho hiki amekigongea, cha tatu kimya, cha nne ko, cha tano ko, na mama jikoni anasikia, anasema hiyo ni nane na mbili na moja, kumi na moja, anataka uji wa saa kumi na moja... hapana mama, jioni hii ni herufi, kugonga ni kulekule ila tumekubaliana kusomwe kama herufi, ya kumi na moja ni K, tangu kiharusi kilipomfunga ulimi baba hana kingine, pete na kimya chake, nami nilimweleza niliyosoma chuoni, kwamba Ulaya kuna mashine inayojua mawili tu, taa imewaka, taa imezimika, na kwa hayo mawili inashika hesabu, maneno, hata picha, na mama akacheka akiutazama mkeka wake, ukindu mweusi juu, mweupe juu, samaki akatokea, akasema kumbe hiyo mashine inasuka... kimya, kimya, kimya, kimya, ko, ni A, K na A, kaburi, Mungu wangu, asiombe kaburi, mto bado umejaa, makaburini hakufikiki... kimya, ko, ko, ko, kimya, N, basi ni kanisa, baba ni katekista, na katekista ni katekista, atataka padre, nami moyoni nilikuwa nimethubutu neno jingine, jina la dada, aliyevuka mto kwenda Michenga kuolewa na mvuvi Mwislamu, baba akasema jina lile lisisikike humu ndani, halikusikika, mama alijifunza kuanza kulitaja, Ka, na kulimeza, akajifanya anaita kuku... herufi ya nne, akigonga kidole cha pili ni I, ni kanisa, nalaza cha kwanza, kimya, nalaza cha pili, nangoja, mkono wake una joto, mvua inadondoka ukingoni mwa paa la nyasi, gonga baba, au usigonge, miaka yote hii nilidhani kimya chako ni mlango uliofungwa, kumbe nacho ni alama, kilikuwa kinasema, ila sisi hatukukubaliana jinsi ya kukisoma... kimya bado, macho yake yananitazama, nalaza cha tatu, ko, cha nne kimya, cha tano kimya, ni D, na mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, hajui herufi hata moja, anautazama uso wa mumewe tu, anasema taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu,

“Kandida.”