Kuku wa Paijem

Fien Stroink alipewa kazi ya kukaa kwenye kishimo mbele ya jukwaa na kuwanong'onezea waigizaji maneno waliyosahau. Kazi hiyo haikutaka sura, na Waholanzi wa Semarang, kisiwani Java, hawakuchoka kumkumbusha kwamba yake ilikuwa nusu ya Kijava.

Mchezo wenyewe aliuandika Luteni Haverkate kwa mkono, nakala moja tu. Ulikuwa wa kuchekesha: bwana wa shamba la miwa anaoa mke kutoka Uholanzi, basi inambidi amfukuze mwanamke wa Kijava aliyezaa naye. Mwanamke huyo aliigizwa na Buning wa forodha, uso umepakwa masizi, sarongi imembana matakoni.

"Bibie, hebu nioneshe wanavyotembea," Buning alimwambia kwenye mazoezi. "Wewe si umewaona kwenu?"

Wenzake wakacheka. Fien akamwonesha. Alitembea kama mama yake, Paijem, aliyetolewa nyumbani kwa baba hivyohivyo, Fien akiwa na miaka sita. Luteni aliipata habari hiyo kwenye klabu ya Waholanzi. Baba mwenyewe alizoea kuisimulia, kinywaji kikishamkolea.

Jioni ya onyesho ukumbi ulifurika. Baba na mkewe wa Kiholanzi walikaa safu ya mbele, nyuma tu ya kisogo cha Fien. Buning alifika mlangoni na furushi lake, akageuka, akaduwaa. Maneno yamempotea.

Fien hakuhitaji kuyatazama kwenye karatasi. Aliyasikia zamani, amejibanza nyuma ya mlango. Akanyamaza. Buning akamkodolea macho, masizi yakimchuruzika kwa jasho.

"Sema basi, wewe," akamnong'oneza kwa hasira.

"Tuan, bwana wangu, kuku wangu nani atawalisha?" Fien akasema.

Buning aliyatoa kwa sauti nyembamba ya puani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fien alikitambua cha baba yake. Ndicho kilichochelewa kuisha.

Wakirudi kwa gari la farasi, baba alimpigapiga begani. "Umefanya vizuri, mwanangu. Hukumwangusha mtu."

"Papa, nani aliwalisha?"

"Kina nani?"

"Kuku."

Baba akafikiri kidogo. "Tuliwala kwenye harusi."

"Kuku gani tena?" mkewe akauliza.

"Hamna kitu. Mambo ya mchezo."

Mwaka uliofuata klabu ilitaka kuurudia. Luteni alikuwa ameshakufa kwa homa huko vitani Aceh, na nakala ilikuwa kwa Fien. Aliwaambia mchwa wameila. Alikuwa ameichoma jikoni, ukurasa baada ya ukurasa, chini ya chungu cha wali, mpishi akilalamikia moshi.

"Hasara kubwa," alisema Buning, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Sijawahi kushangiliwa vile. Wewe hukumbuki hata kidogo?"

"Hata neno moja."

Wakachagua mchezo mwingine, wenye mtumishi mweusi, mpumbavu. Fien akaitwa tena kishimoni. Akaenda, maana Jumamosi jioni hapakuwa na pengine palipomwita.