Kifuniko cha Arobaini na Saba

Mia moja na kumi na mbili. Mia moja na kumi na tatu. Bi Chupa alibonyeza kidude cha kuhesabia bila kuondoa jicho kwenye darubini. Kila seli iliyogeuka buluu kwa rangi ya kupimia ilikuwa imezeeka. Haijafa, imeacha kugawanyika tu, imejitandaza kama mgeni asiyeaga, inakula na kuwachafulia majirani.

"Hizo zimestaafu lakini zimegoma kuhama nyumba ya kazi," Daktari alipenda kuwaambia wageni wa maabara. Wageni walicheka. Bi Chupa, fundi wa pale kwa miaka thelathini na moja, naye alicheka, mpaka mwaka huu alipotimiza sitini.

Alimaliza. Buluu mia mbili na tatu, kati ya mia mbili na kumi. Na hii ilikuwa chupa ya dawa.

Seli za ngozi zikilelewa ndani ya chupa hugawanyika mara hamsini hivi, kisha basi. Miaka miwili iliyopita chupa moja yenye dawa ya Daktari ya kuchelewesha uzee ilifika mara sabini na sita. Maabara ikapata jina, Daktari akapata ofisi yenye zulia. Sasa wakaguzi walitaka jaribio lirudiwe, na Daktari alikuwa amemwahidi Bi Chupa: likikubali, mkataba wa miaka miwili zaidi. Lisipokubali, kilichobaki ni kitanda cha kukunja sebuleni kwa binti yake.

Seli zenyewe zilikuwa zake. Kovu bado lilikuwepo mkononi, dogo kama punje ya mchele, pale walipomkata kipande cha ngozi akiwa na miaka arobaini na moja.

Chupa zote tatu za marudio zilikuwa zimekoma kabla ya hamsini. Hakuilaumu dawa, wala hakujilaumu. Alichukua daftari la zamani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata wino.

"Wageni. Chupa mbili zimefunguliwa pamoja." Siku nne baadaye, kwa mwandiko wake uleule: "Chupa changa, ya ishirini, imegoma kukua. Imetupwa."

Kidole kikasimama.

Pale kwao namba ya mara ambazo seli zimegawanyika iliandikwa kwenye kifuniko, kwa sababu ubavuni spiriti hufuta wino. Utaratibu huo aliuanzisha mwenyewe, na akauongezea sharti: usifungue chupa mbili kwa mpigo. Siku ile Daktari alikuwa nyuma ya bega lake na wageni watano. "Fungua zote mbili, mama, waone changa na kongwe kwa pamoja." Akafungua. Vifuniko akavilaza kwenye sinia, kimoja ishirini, kingine arobaini na saba.

Kutoka ishirini hadi arobaini na saba ni ishirini na saba. Sabini na sita, toa ishirini na saba. Arobaini na tisa. Umri wa kawaida kabisa. Na ile changa iliyogoma ilikuwa kongwe iliyovikwa kofia ya mtoto.

Alibeba daftari mpaka kwenye zulia.

"Una dakika, Daktari?"

"Kwako mama, hata mbili. Zimekubali?"

"Zimezeeka. Hata ile ya sabini na sita ilizeeka kwa wakati wake. Tulichanganya vifuniko."

"Tuli?"

Alimwonyesha. Daktari alisoma, akasoma tena, akainuka kufunga mlango.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Mama, macho yako na umri huu... huenda umehesabu vibaya."

"Macho haya ndiyo yaliyokufundisha kushika pipeti. Ulitetemeka mpaka ukamwaga chakula cha seli cha wiki nzima."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha. "Rudia hesabu kesho. Ukipata buluu chache, mkataba wako huu hapa. La sivyo nitawaandikia wakaguzi kwamba fundi wetu amezeeka, akachanganya vifuniko."

"Andika. Mkono ulikuwa wangu." Sauti yake haikupanda. "Ila andika pia ni nani aliyesema zifunguliwe zote mbili."

"Hilo halimo kwenye daftari."

Ni kweli halikuwemo. Siku ile aliona si adabu kuandika amri ya mkubwa wake. Akaandika "Wageni", akaishia hapo.

Alirudi kwenye meza yake. Ukurasa wa zamani hauongezwi neno, kwa hiyo alifungua mpya, akaweka tarehe ya leo. Akaandika mambo ya sinia, vifuniko, na maneno ya Daktari kama yalivyotamkwa, pamoja na lile "mama". Chini yake: buluu mia mbili na tatu kati ya mia mbili na kumi.

Alijua kitakachosomwa ni barua ya Daktari, si daftari la fundi.

Chupa mbili zilizobaki alizibandika utepe ubavuni, namba juu ya utepe, akazirudisha kwenye kabati la joto. Macho yalimwasha kweli. Akaifunika darubini, akamalizia mstari: "Chupa ya pili na ya tatu hazijahesabiwa. Kesho asubuhi."