Mita ya Bwawa

Binti yangu hajawahi kugombana na mumewe kwa sababu ya mwanamke. Waligombana kwa sababu ya pampu.

Bwawa lao la kuogelea liko nyuma ya nyumba, dogo, la vigae vya buluu. Kando yake kuna kibanda chenye pampu ya kuzungusha maji, chujio, na mashine ya kuyapasha moto. Mitambo hiyo hunguruma mchana kutwa, na haogelei mtu. Binti yangu hana muda. Mumewe hajui kuogelea; akifika ukingoni tu hutafuta kiti cha kushikilia.

Aliyekuwa akiingia ni mimi. Wakishaenda kazini, navaa gauni kuukuu, nateremka taratibu na kutembea ndani ya yale maji ya uvuguvugu mpaka magoti yasahau umri wao. Bila maji hayo, kushuka kitandani ni kazi ya kuomba dua. Sikumwambia mtu. Binti yangu ni muuguzi. Ukimwambia asubuhi kwamba goti linauma, jioni umeshalazwa. Na mkwe ningemwambiaje? Ana heshima yule mtu mpaka inakera. Tangu amuoe binti yangu hajanitazama usoni. Akinikuta jikoni, huigeukia friji.

"Shikamoo mama," huiambia friji.

"Marahaba," nami huijibu hiyo hiyo friji.

Jumapili moja binti yangu alipandisha hasira. "Mitambo yako inakula umeme kuliko sisi sote humu ndani! Na kuogelea kwenyewe hujui! Tulifukie hilo bwawa, tupande mboga."

"Haili hivyo," mumewe alisema. "Tupime."

Wakakubaliana. Mitambo ikila umeme kuliko nyumba, bwawa linajazwa udongo. Ikila kidogo, linabaki na kelele ziishe. Nilikuwa namenya vitunguu, na nilishukuru sana kuwa navyo mkononi.

Fundi umeme alikuja na bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Akafunga mita ndogo mbili ukutani, moja ya kibanda, nyingine ya nyumba. Akazipangusa vumbi kwa upendo.

"Nitarudi baada ya wiki," alisema. "Ninyi ishini kama kawaida."

Kama kawaida! Kuanzia siku hiyo nyumba iliingia wazimu.

Binti yangu aliibana nyumba isile umeme. Alizima friji. Alitoa balbu akaziweka ndani ya mkoba wake. Tukala vya baridi huku tukipapasana gizani, naye akaenda hospitali na sare iliyokunjamana, kichwa juu. Sikujua kama nicheke au nimchape, mtu mzima yule.

Akishatoka, mumewe naye anaanza. Alikuwa amechukua likizo kazini kwa siri. Alipiga pasi mashuka, akapiga pasi soksi, akapiga pasi pazia likiwa limening'inia dirishani. Oveni ilioka hewa tangu asubuhi. Mashine ya kufulia ilifua kofia moja, ikaanikwa, ikakauka, ikafuliwa tena. Halafu akaenda kibandani akazima pampu na mashine ya kupasha moto, ili mita ya huko isiwe na la kusema.

Hapo mimi ndiye niliyeumia. Maji yalipoa, yakaanza kuota ukijani pembeni. Asubuhi moja nilishindwa kabisa kuinuka kitandani. Nilikaa pale nikalia kwa hasira, nikiliona bwawa langu tayari limejaa mboga.

Nilipofika jikoni hatimaye, mkwe wangu alikuwa anaongea na friji.

"Mama, maji yasipozunguka yanaharibika. Kama angepatikana mtu wa kuyazungusha kwa miguu..."

"Na baridi ile?" niliiuliza friji.

"Birika la umeme lipo."

Akachemsha birika, akakimbia nalo bwawani akamimina, akarudi kuchemsha jingine. Kila birika nyumba ilikula umeme, na bwawa halikula kitu. Akili ya mtu huyu! Kisha tukaingia majini. Alivaa suruali ya kazini na shati lenye tai, kwa sababu nilikuwepo. Alikwenda upande upande akiwa ameng'ang'ania ukingo na kuukodolea macho ukuta. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimempa kisogo. Tukazunguka hivyo, bwawa zima likiwa katikati yetu, mpaka maji yakashika mwendo. Alikuwa anatetemeka kwa woga. Nikajisemea, ama kweli ubishi wa mwanamume hauna dawa.

Tulizunguka kila siku. Siku ya kusoma mita tulikuwa bado majini, maana binti yangu aliwahi kurudi. Nilimsikia fundi akipiga ukelele.

"Bwawa halijala chochote! Lakini nyumba hii, dada, mnaendesha kiwanda?"

"Kiwanda? Mimi nimelala gizani wiki nzima!"

Akaja nyuma ya nyumba mbio, fundi akimfuata. Wakatukuta tunazunguka, birika limewekwa ukingoni. Binti yangu alisogea ukingoni. Macho yake ya kiuguzi yalikuwa kwenye mwendo wangu, jinsi nilivyokuwa nakanyaga sawasawa, bila kuchechemea.

"Mama," alisema, "magoti yanakuuma tangu lini?"

"Tangu zamani! Na usinipeleke popote!"

Akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

Mkwe wangu aliujibu ukuta. "Siku moja niliwahi kurudi nikakuta nyayo vumbini, kati ya hapa na mlangoni kwa mama. Zilizokuwa zinakuja huku zilikuwa zinaburuta. Zilizorudi, zenye maji, zilikuwa sawa. Sasa ningemuulizaje mama jambo kama hilo? Nikaongeza moto wa maji. Ndiyo maana umeme ulikuwa unakwenda."

Binti yangu aliinama akayagusa maji. Kisha akamwambia fundi awashe kila kitu kibandani.

"Na mita?"

"Zing'oe."

Pampu ikanguruma. Joto likaanza kunifikia miguuni.

"Mama ameshatoka?" mkwe wangu aliuliza, uso ukiwa bado umegandamana na vigae. "Naweza kugeuka?"

"Subiri kidogo, mwanangu," nilimwambia. "Nalia, na sitaki unione."