Mikunjo ya Mtoto wa Mghoi

Usingizi unamkamata Mghoi asubuhi kweupe, kwenye benchi la kliniki, kichwa begani kwa mumewe Mwadime, wakisubiri picha ya pili ya kichwa cha mtoto aliye tumboni. Kazi ya Mghoi chuoni ni kupima kwa jiometri jinsi bongo zinavyojikunja, za binadamu, za sokwe, na za watu wa kale waliobaki mafuvu tu. Ndiyo maana picha ya kwanza hakuhitaji kuelezwa. Ubongo wa mwanawe ulikuwa laini kama yai, na wakati wa mikunjo kuanza ulishapita. Turudie picha, daktari alisema. Kope zinashuka, benchi linazama, na sasa anatembea kwenye barabara inayopanda tuta na kushuka bondeni, inapanda tena, inashuka tena, na kila bonde lina mji, na kila mji umetazamana na pacha wake kama mtu na kioo. Anayemtangulia hana uso. Mwanangu yuko wapi? anamuuliza Mghoi. Mbele, mama, kule ambako barabara hazijazaliwa. Wanapita mji wa mafuvu, wanapita mji wa sokwe, mabonde yanapungua kina, hadi unabaki uwanda mweupe usio na hata ufa, na chini yake mtoto analia. Mghoi anapiga magoti. Anachora nukta na mistari kama alivyozoea, kisha anaivuta ardhi kwa kucha ili ifanane na mabonde aliyoyaacha nyuma. Ardhi inachanika. Kilio kinakatika. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, anajibu Mghoi. Kitambaa kipana kimejaa kibuyuni na hakuna mkono ulioingia, nani alikikunja? Hakuna, anasema Mghoi. Kilikulia humo humo, nafasi ikawa ndogo. Basi mbona unavuta? anauliza asiye na uso. Mghoi anaachia kidole kimoja kimoja, jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, analaza kiganja juu ya mpasuko na kungoja. Halafu ardhi inatuna, inatafuta pa kwenda, inakosa, na chini ya kiganja chake unazama mstari mmoja mwembamba.

Mghoi. Mghoi, mke wangu. Mwadime anamtikisa. Amka twende nyumbani. Na picha? anauliza Mghoi. Mwadime anamkazia macho. Si tumeshatoka ndani? Daktari kakuonyesha mkunjo wenyewe kwenye picha kwa kidole, ukalia mpaka ukachoka, ukasinzia hapa. Mghoi hakumbuki daktari, hakumbuki machozi. Anagusa shavu lake, limelowa. Anaung'ang'ania mkono wa mumewe, na hathubutu hata kupepesa macho, asije akaamka.